Kwa Nini Kuku Anayeatamia Hamwinukii Mgeni

Kabla kuku hajajifunza kununa, hapakuwa na kiumbe mwenye adabu kumpita. Wanaomjua kuku wa leo, yule wa kwenye pakacha jikoni anayevimba manyoya na kukoroma kila mtu anapopita, hawaliamini neno hili. Lakini ndivyo ilivyokuwa, wala kilichombadilisha si tabia mbaya. Kuna sababu, na sababu yenyewe ni hii.

Zama hizo watu na ndege wa nyumbani walikaa kijiji kimoja, wakapigiana hodi, wakaazimana chumvi na kusengenyana kama majirani wowote. Kijiji kiliitwa Mwereni. Sheria yake kubwa, ambayo Jumbe Mwinyimvua aliilinda kuliko mpaka wa shamba lake, ilikuwa ya kumpokea mgeni. Mtu akipiga hodi, mwenye nyumba aliinuka, akaja mpaka mlangoni, akamkaribisha ndani na kumkalisha, kisha wakaulizana hali. Na hali za Mwereni zilikuwa ndefu: za nyumbani, za watoto, za wazee, za shamba, za mbuzi, na za yule mgonjwa wa juzi. Kubaki umekaa huku mgeni amesimama kulikuwa kumtukana yeye na ukoo wake mzima. Aliyefanya hivyo mara tatu alitolewa nje ya ugo wa kijiji, akakae porini na Kicheche, yule mwizi wa kuku.

Walioachiwa ni wale tu waliokuwa na kazi, nayo ilikuwa lazima iwe kazi yenye jina. Mtu aliitikia kutoka ndani, "Natwanga!" au "Naoga!" au "Nanyonyesha!" na mgeni akaelewa, akangoja barazani mpaka aitwe. Lakini aliyeulizwa yu katika nini akajibu, "Nimekaa," huyo hakuwa na la kujitetea. Alitakiwa ainuke.

Sasa, katika kijiji hicho alikuwako kuku jike aitwaye Tembe, mwekundu, mwenye madoa ya kijivu shingoni. Alikaa jikoni kwa Bi Mize, mkunga wa kijiji, pamoja na mumewe Jogoo, ambaye kwa kweli jikoni alionekana wakati wa kula tu. Saa nyingine zote alikuwa barazani na wanaume wenzake, akizungumzia mambo makubwa.

Tembe alitaka mtoto. Tangu alipoanza kutaga hakuwa na haja nyingine duniani. Mara ya kwanza alitaga mayai kumi na mawili. Bi Mize akamwekea pakacha kuukuu karibu na mafiga, akanyunyiza majivu ili utitiri usimsumbue, akatandika majani makavu ya mgomba juu yake. Tembe akayakalia. Hakufundishwa na mtu, ni mwili wenyewe uliomwambia akae, naye akakaa.

Taabu ni kwamba nyumba ya mkunga haiishi hodi. Huyu amekuja mbio, mkewe ameshikwa na uchungu. Huyu analeta mkungu wa ndizi wa shukrani. Yule anataka dawa ya mtoto anayelia na tumbo. Na Bi Mize kutwa hayupo, yuko kwa watu anazalisha. Basi aliyewapokea wote hao alikuwa Tembe. Aliruka kutoka pakachani, akakung'uta mabawa, akaenda mlangoni. "Karibu, karibu ndani. Bi Mize katoka. Keti upumzike, jua kali hilo." Kisha zikaanza zile hali, moja baada ya nyingine, na huku nyuma mayai yamebaki wazi.

Waliomfuata Bi Mize walikuwa na shida zao, hawalaumiki. Aliyelaumika ni Bata wa nyumba ya pili. Bata alikuwa hana shida yoyote. Alikuja asubuhi kurudisha upawa, akaja adhuhuri kuuazima tena, akaja alasiri kusema kwamba ataurudisha kesho.

"Nimechungulia nikakuona umekaa tu, shoga yangu," alikuwa akisema, "nikaona nije nikuondolee upweke."

Na Tembe aliinuka, kwa sababu ilikuwa kweli: alikuwa amekaa. Neno jingine la kusema hakuwa nalo.

Siku zikapita, mayai yakawa viza. Bi Mize aliyachukua kwenye ungo akaenda kuyafukia migombani, na moja likapasuka njiani, harufu yake ikaenea mpaka msikitini. Mara ya pili Tembe alitaga kumi na moja, yakawa viza. Mara ya tatu alitaga tisa. Hayo aliyafuata mwenyewe mpaka migombani, akasimama kando ya shimo mpaka lilipofukiwa na udongo kusawazishwa, na hata baada ya hapo hakuondoka. Alikuwa na uchungu ambao hakujua auweke wapi. Bi Mize alimwita mara mbili, akamwacha.

Kijijini maneno hayakukosekana. Wengine walisema ni kijicho cha watu. Wengine walisema kuku wa mkunga hawezi kuzaa, kwa kuwa nyumba ile imeshagawa watoto wake wote kwa wengine. Jogoo naye, badala ya kunyamaza, alianza kulalamika barazani kwamba ameozwa kuku wa pambo. Tembe aliyasikia yote hayo, na wote walioyasema alikuwa ameshawainukia na kuwakaribisha ndani.

Mara ya nne alitaga mayai manane. Siku ya pili ya kuyakalia, Bi Mize alirudi mchana kutoka kuzalisha, amechoka, akakaa chini mbele ya mafiga. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipitisha mkono chini ya kifua cha Tembe, kama alivyozoea kupima tumbo la mwenye mimba, akayagusa mayai moja moja.

"Umeinuka mara ngapi leo?" akauliza.

"Leo si nyingi," akasema Tembe. "Mara saba. Nane, pamoja na yule wa chumvi."

"Haya mayai ya baridi."

"Yatapata moto tena, bibi. Nimesharudi."

Bi Mize akatikisa kichwa. "Wenzako wachache waliowahi kupata vifaranga hapa Mwereni, waliwapata lini?"

Tembe akafikiri. "Masika."

"Kwa nini masika?"

"Sijui, bibi."

"Kwa sababu masika ni matope," akasema Bi Mize. "Hakuna anayetembea. Kuku anakaa kutwa kucha hapigiwi hodi na mtu. Sikiliza, mwanangu. Huko nilikofundishwa ukunga, palikuwa na mwanamke jina lake Kidawa. Alijifungua mtoto wa miezi saba, anaenea kiganjani, hata kulia hawezi. Yule bibi aliyenifundisha akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga kwa shuka moja. Kidawa alikaa hivyo siku arobaini. Alikuja baba mkwe, hakuinuka. Alikuja shehe, hakuinuka. Na hakuna aliyemlaumu, maana kule kazi ile ilikuwa na jina. Walisema Kidawa anaatamia."

Tembe alilirudia lile neno polepole. Hakuwahi kulisikia.

"Maana yake nini?"

"Ni kumpa aliye chini yako joto la mwili wako, usiinuke, mpaka aweze kukaa bila wewe," akasema Bi Mize. "Hiyo ndiyo kazi unayoifanya hapo. Hukukaa tu. Kesho mtu akipiga hodi, mwambie unaatamia."

Ni rahisi kusema. Kesho yake asubuhi Bata alipopiga hodi, miguu ya Tembe ilinyooka yenyewe kabla hajafikiri. Ilibidi ajilazimishe kurudi chini. Damu ilimpanda kichwani kwa aibu, kishungi chake kikawa chekundu kama pilipili iliyoiva.

"Hodi hapa!"

"Naatamia!" akaitikia.

Kichwa cha Bata kikaingia mlangoni. "Una nini?"

"Naatamia, shoga. Ningoje barazani."

"Nikungoje mpaka lini?"

Tembe akapiga hesabu. "Siku kumi na nane."

Bata hakungoja siku kumi na nane. Hakungoja hata mpaka jua lipande. Alikwenda nyumba hadi nyumba akieleza jinsi Tembe alivyoota kiburi, jinsi anavyomwitikia mtu amebana matako palepale pakachani, na jinsi alivyojitungia neno lisilojulikana ili afunike uvivu wake. Wengi hawakuamini, wakaja kuhakikisha. Walipiga hodi, wakaitikiwa vilevile, wakaondoka wamekasirika. Bi Mize alipokuwapo aliwaeleza maana ya neno lile. Asipokuwapo, Tembe alieleza mwenyewe.

Tusimfanye shujaa kuliko alivyokuwa. Kila hodi ilimchoma. Alikuwa amelelewa katika adabu ile, aliipenda, na sifa pekee aliyokuwa nayo kijijini ilikuwa ni hiyo ya ukarimu. Sasa aliiona inamtoka kila siku, akajua haitarudi. Aliinuka mara moja tu kwa siku, mchana jua likiwa kali, akala upesi, akanywa maji, akajisaidia mbali, akarudi mbio. Akirudi aliyageuza mayai kwa mdomo ili kila upande upate joto, akatulia.

Siku ya kumi na tano Jogoo alikuja na uso wa msiba. Barazani walikuwa wamemuuliza kama nyumbani kwake anatawala yeye au pakacha.

"Mke wangu," akasema, "inuka hata mara moja. Bata akija, simama kidogo tu, watu waone. Heshima yangu imekwisha."

Akanyoosha bawa amwinue. Tembe akamdonoa.

Walishtuka wote wawili. Katika ndoa yao yote hakuwahi hata kumwinulia sauti. Manyoya yalikuwa yamemsimama mwili mzima, na kooni mkoromo ulikuwa umemtoka ambao hakujua kama anao. Jogoo alirudi nyuma mpaka ukutani, akatoka. Tembe aliona haya, lakini alipotafuta moyoni mwake neno la kuomba radhi, hakulipata.

Kesi ikafika kwa Jumbe. Mashahidi walikuwa tele, na makosa hayakuwa matatu, yalikuwa arobaini na kitu. Jumbe Mwinyimvua hakuwa mtu wa kuhukumu kwa kuambiwa. Akasema atakwenda mwenyewe kupiga hodi. Akiinukiwa, mambo yamekwisha. Asipoinukiwa, kuku atatolewa nje ya ugo siku hiyohiyo, na mayai yake abaki nayo mwenye kuyataka.

Akaja siku ya ishirini na moja, asubuhi, amevaa kanzu na kofia, nusu ya kijiji iko nyuma yake. Bata alikuwa mbele kabisa ili aone vizuri. Bi Mize alikuwa nyumbani. Siku hiyo alikuwa amekataa kwenda popote.

"Hodi!" akasema Jumbe.

Akapiga tena.

"Hodi!"

Tembe aliisikia, akaitambua. Alijua ugo ule umekaa wapi, na alijua Kicheche anapenda nini. Lakini tangu alfajiri alikuwa anahisi kitu chini ya kifua chake, kidogo sana, kama mtu anayegusa ukuta kwa ukucha. Alikuwa anaogopa kupumua.

"Hodi!" mara ya tatu.

"Naatamia, Jumbe," akaitikia.

Watu wakaguna. Jumbe akainama akaingia jikoni, akasimama mbele ya pakacha. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mashaka, na mashaka ya Jumbe yaliogopwa zaidi.

"Bibi," akasema, "mimi ninapopita kwa mtu anayetwanga, nasikia mchi. Kwa anayeoga, nasikia maji. Anayenyonyesha, namsikia mtoto. Watu wanasema wewe unakaa tu. Nami nimesimama hapa mbele yako, sisikii kitu. Hiyo kazi yako iko wapi?"

Aliyejibu ni Bi Mize.

"Iko chini, Jumbe. Ukitaka kuisikia, piga magoti."

Waliokuwa mlangoni walipigwa na butwaa, maana Jumbe hapigi magoti jikoni kwa mtu. Lakini alikuwa ameuliza mwenyewe mbele ya watu, na alikuwa mtu wa haki. Akavua kofia, akaikunja kanzu yake, akapiga magoti kwenye majivu. Akasogeza sikio karibu na pakacha. Tembe alivimba, akakoroma, kisha akajizuia, akainua bawa moja kidogo tu, kiasi cha sikio la mtu.

Jumbe akakaa hivyo muda mrefu. Watu wakaanza kukanyagana mlangoni.

"Nani huyo anayegonga?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Simjui bado," akasema Tembe. "Hatujaonana."

Jumbe aliinuka polepole, majivu yako magotini, akatoka mpaka mlangoni. Wakadhani anakwenda kuwaita vijana wa kumtoa kuku. Hakufanya hivyo. Akageuka, akakaa chini juu ya kizingiti cha Bi Mize, akaweka kofia mapajani.

"Mwenye nyumba ana kazi," akawaambia. "Mimi nangoja. Asiyeweza kungoja aende zake."

Kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama Jumbe akiwa amekaa, wote wakakaa, mmoja hapa mmoja pale, uani na njiani. Bata alikaa kwenye tope palepale alipokuwa amesimama, na ameshalizoea. Jogoo alikaa mbali kidogo na wengine. Jua likapanda, adhuhuri ikafika, hakuna aliyekwenda kula. Jikoni hapakutoka sauti yoyote, na safari hii hakuna aliyesema kwamba hapafanyiki kitu.

Baada ya adhuhuri ilisikika sauti nyembamba, moja, ya kiumbe ambaye hajawahi kusema neno. Ikafuata ya pili.

Ndipo Tembe aliponyanyuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akayumba, akashika ukingo wa pakacha. Mayai sita kati ya manane yalikuwa yamepasuka. Aliwatazama waliolowa wale, hawajui hata kusimama, akarudi nyuma hatua moja ili wapate nafasi, akainamisha kichwa kama anavyoinamishiwa mgeni mkubwa.

"Karibuni," akawaambia. "Karibuni sana."

Jumbe aliyasikia hayo kizingitini. Wanasema alijipangusa uso na kofia, lakini huenda ilikuwa jasho. Akatoa hukumu palepale, akiwa bado amekaa. Tangu siku hiyo anayeatamia haulizwi kwa nini hainuki. Mgeni wake akae nje angoje, na akiona kungoja kunamshinda, apite.

Ndiyo maana hata leo kuku anayeatamia hainuki kwa ajili ya mtu, hata yule anayempa mtama kwa mkono wake. Huinuka mara moja kwa siku, akala upesi, akarudi. Hukoroma, hudonoa, na hana habari na adabu yako. Bata yeye hakubadilika. Bado anapenda kutembea, na ndiyo maana watu huchukua mayai yake wakamwekea kuku. Kuku huyaatamia bila kuuliza ni ya nani, kisha hubaki ukingoni mwa maji akihangaika, watoto wanaogelea.

Neno lenyewe watu wamelichukua wakalipeleka mbali. Aliye na jambo moyoni asilotaka kulisema kabla halijakomaa, husemwa analiatamia. Hata wakubwa wa ofisini husemwa wanaatamia barua za watu, ingawa hao hukaa miaka na kinachotoka chini yao ni viza. Bi Mize angewashika mkono akauliza joto liko wapi.

Kwa hiyo ukiingia jikoni kwa watu ukamkuta kuku pakachani, amevimba, anakutazama kwa jicho moja, usiseme amekudharau. Mpishe. Wewe umefika salama, umepiga hodi kwa sauti yako, na ukikosa kukaribishwa leo utakuja kesho. Kuna mwingine yuko njiani, hana kesho nyingine, na hodi yake bado haijasikika.